Nilikodi yoti ya zaidi ya mita 100: haya ndiyo niliyoyaona

Ukitafuta yoti kubwa ya kukodi, yaani chombo cha anasa cha baharini, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni urefu. Madalali hupanga orodha zao kwa mita, na majarida nayo hufanya vivyo hivyo: Azzam mita 180, Eclipse mita 162 na nusu, Dilbar mita 156. Chombo tulichokodi mimi na kundi langu kilipita mita 100 kwa kiasi kidogo. Tulikipandia Antibes, kusini mwa Ufaransa, kwenye gati la yoti kubwa, tukavuka nacho hadi kisiwa cha Corsica. Tathmini nyingi zinazosomeka kuhusu vyombo hivi huandikwa na wanaoviuza. Hii ni ya mpangaji.

Nianze na ushauri ambao ningependa kila mtu aupate kabla ya kusaini: mita ziulize baadaye, kwanza uliza tani jumla, yaani kipimo cha ujazo wa ndani ya chombo. Azzam na Dilbar zote zimetoka kwa Lürssen, mjenzi wa Ujerumani, ya kwanza mwaka 2013 na ya pili mwaka 2016. Dilbar ni fupi kwa mita 24, lakini ujazo wake ni tani jumla zaidi ya 15,900 wakati Azzam ina 13,000 na ushei. Azzam ilichorwa nyembamba ili ikimbie. Ina injini za dizeli pamoja na mitambo ya gesi ya jamii ya ile inayosukuma ndege, na hupita kilomita 55 kwa saa. Dilbar ilichorwa iwe kasri. Tofauti hiyo hiyo utaikuta hata kwenye vyombo vidogo kuliko hivyo. Yetu ilikuwa pana, na upana huo ndio tuliouishi kila siku: korido ambazo watu wawili wanapishana bila kujibana, dari ya juu, ngazi isiyokuchosha. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikiwa ndefu na iliyochongoka hupendeza kwenye picha, ila humo hakuna anayelala.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Chombo kina nafasi ya kutosha ukoo mzima, halafu mkataba unasema wageni ni 12. Hapo dalali hana la kufanya. Kwa kanuni za kimataifa za usalama wa baharini, chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa kuwa meli ya abiria, na masharti ya ujenzi, zimamoto na mashua za uokoaji huwa mazito zaidi. Zipo yoti zilizojengwa au kurekebishwa kutimiza masharti hayo, na baadhi huruhusiwa hadi abiria 36. Christina O, iliyokuwa meli ya kivita ya Kanada kabla tajiri wa meli wa Kigiriki, Aristotle Onassis, hajaigeuza yoti, ni moja ya zinazokodishwa kwa kundi kubwa. Kama mko 15, tafuteni za aina hiyo tangu mwanzo, maana nahodha hatakubali "watoto wawili tu wa ziada". Mtoto anahesabiwa, mchanga wa chini ya mwaka mmoja tu ndiye asiyehesabiwa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niipende. Chombo hakikwenda mrama. Upepo wa mistral ulituamkia tukiwa tumetia nanga, mawimbi yakawa yanakuja ubavuni, nami nikajiandaa kwa usiku mbaya kwa sababu tumbo langu halipatani na bahari. Hakukuwa na usiku mbaya. Chini ya maji, kila upande, kuna mapezi makubwa yanayopigapiga hata chombo kikiwa kimesimama, yakilisukuma wimbi kabla halijakiinamisha. Mapezi ya zamani yalifanya kazi chombo kikiwa mwendoni tu, kwa hiyo ukikodi yoti yenye umri uliza hili waziwazi. Kasoro yake ni mngurumo. Waliolala sitaha ya chini, karibu na mitambo ya mapezi, waliusikia mpaka alfajiri. Vyumba vya juu havikusikia chochote.

Ukubwa nao hufunga milango. Bonifacio, huko Corsica, ni bandari nzuri kupita kiasi, imejificha kwenye mlango mwembamba kati ya majabali ya chokaa, na tuliitazama kutoka nje. Tulibaki mbali na kwenda mjini kwa boti ndogo. Kwenda si shida, shida ni kurudi jioni bahari ikiwa imechafuka: unasimama kwenye boti inayopanda na kushuka, unangoja baharia akuambie "sasa", ndipo unaruka kwenye jukwaa la ubavuni. Mzee mmoja wa kundi letu aliacha kushuka nchi kavu kwa sababu hiyo, na ilinihuzunisha, kwani ni yeye aliyeitamani Corsica kuliko sisi sote. Ukiwa na wazee, tafuta yoti ambayo boti yake huingia ndani ya chombo chenyewe, kwenye chumba kinachojazwa maji na kutulia. Zipo, na zinastahili gharama yake.

Pia huwezi kutia nanga popote macho yanapopenda. Pwani ya Ufaransa vyombo vya mita 24 na zaidi vimekatazwa kudondosha nanga kwenye mashamba ya posidonia, nyasi za baharini ambazo huota polepole mno. Nanga moja na mnyororo wake hung'oa kilichochukua miaka mingi. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Nahodha wetu alitafuta mchanga, na mara nyingine alikishikilia chombo mahali pake kwa mwongozo wa setilaiti na kwa rafadha, yaani mapanga yanayokisukuma chombo majini, bila nanga kabisa.

Mahali tulipokaa zaidi palikuwa tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye sitaha ya chini kabisa ambako ukuta hufunguka na kuwa ufuo wa mbao. Ukiwa sitaha ya juu, bahari iko mbali, unaitazama kama mtu aliye ghorofani. Tezi unaigusa kwa mguu. Kiwanja cha helikopta hatukukitumia, sinema tuliiingia kwa udadisi tu.

Wafanyakazi walituzidi idadi kwa mbali, na sijawahi kuhudumiwa hivyo. Walikumbuka nani anaamka mapema, nani hataki kiyoyozi. Vyumba vyao viko chini na ni vidogo, kazi huanza kabla ya jua na kuisha baada ya mgeni wa mwisho kulala. Bakshishi, ambayo kwa desturi ya Mediterania ni kati ya asilimia 5 na 15 ya bei ya kukodi, tuliitoa kwa nahodha aigawe, na ningewaomba wote wasiikate.

Kuhusu fedha, bei ya wiki inayotangazwa ni ya chombo na watu wake pekee. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, na fungu la matumizi linalolipwa mapema, kwa kawaida karibu asilimia 30 ya bei, ambalo nahodha hulitumia kwa mafuta, chakula na ada za bandari, kisha hurudisha baki. Daftari letu lilikuwa safi, risiti zote zilikuwepo. Usidhani mkikaa bila kusafiri mafuta hayaendi: jenereta huwaka saa 24 ili kuendesha viyoyozi, jiko na mitambo ya kusafisha maji ya bahari.

Nikikodi tena nitachukua ya mita 70 hivi, pana, yenye mapezi ya kisasa na tezi ya kufunguka, na nitaomba ratiba inayoanzia Corsica ili tusitumie siku nzima kuvuka.