Pampu ya kupimia presha ya rejeta: uzoefu wangu na Altezza inayopoteza kulanti

Altezza yangu, gari la Toyota, ni RS200 ya 1999, ile yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Kwa miezi mitatu kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ilikuwa inapungua, na asubuhi ukiinama chini ya gari huoni hata tone. Nikitoka Mbezi kwenda mjini Dar es Salaam, foleni ya Ubungo ikikaza, mshale wa joto unapanda. Barabara ikifunguka unashuka. Nikizima gari nyumbani nasikia harufu tamu karibu na grili.

Nilizunguka gereji tatu. Ya kwanza walibadilisha thamostati, ile vali inayoruhusu kulanti kupita injini ikipata moto. Ya pili walimimina dawa ya kuziba rejeta. Wiki mbili baadaye kulanti ikapungua tena, na tanki la akiba limejaa tope la kahawia. Dawa hiyo sitairuhusu tena kwenye gari langu. Ya tatu fundi aliangalia kidogo tu akasema, "Bosi, hiyo gasketi imeungua, tufungue hedi." Yaani gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Laki tisa, bado kuskimu (kusawazisha uso wa hedi). Sikukubali. Dalili za gasketi kuungua sikuziona: oili yangu ilikuwa safi, haijawa kama chai ya maziwa, na eksozi haikutoa moshi mweupe.

Ndipo nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikanunua hii pampu kwa shilingi 145,000. Ni boksi la plastiki lenye pampu ya mkono, geji na mifuniko ya saizi mbalimbali. Unafungua rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa (mimi nilisubiri hadi asubuhi), unafunga mfuniko unaoingia, kisha unapampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta wa gari lako. Wangu umeandikwa 1.1.

Kilichonifanya niipende ni hiki. Tundu dogo linafunguka pale mfumo unapokuwa na presha, na presha inakuja injini ikiwa ya moto. Kulanti inayotoka inakutana na chuma cha moto, inakauka kabla haijafika chini. Ndiyo maana fundi akija asubuhi haoni kitu. Pampu inaweka presha ile ile kwenye injini ya baridi, kwa hiyo tone linabaki tone.

Ndani ya dakika kumi mshale wa geji ya pampu ulishuka kutoka 1.1 hadi 0.8. Nikamulika na tochi hozi zote, kavu. Nikapeleka tochi nyuma ya feni, chini ya kava la taimingi belti: tone la pinki, halafu lingine, na juu yake ukoko mkavu wa rangi hiyo hiyo. Ni wota pampu, ile inayosukuma kulanti kuzunguka ndani ya injini. Kwenye injini hii inazungushwa na taimingi belti, imejificha nyuma ya kava, na sili yake ikichoka inatolea maji kwenye kitundu kilichowekwa makusudi. Nikawasha gari pampu ya kupimia ikiwa bado imefungwa. Kama gasketi ingekuwa imeungua, mshale ungepanda haraka kwa gesi ya silinda. Ulitulia.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa Ilala. Baada ya shikamoo nikamwonyesha lile tone, akasema, "Mwanangu, tukishafika humu tusibakize kitu." Akabadilisha wota pampu, taimingi belti, tenshena na sili ya mbele ya krenki kwa siku moja. Alikuwa sahihi: belti iliyolowa kulanti huwezi kuiamini tena, na kazi ya kufika pale ni ile ile. Mfuniko wa rejeta nao niliupima, ukaachia kwenye 0.6. Mfuniko dhaifu unafanya kulanti ichemke mapema, kwa hiyo nikanunua mpya.

Kasoro zipo. Raba ya mfuniko mmoja ilikuwa ngumu, ikavujisha yenyewe, na nusura nilaumu rejeta. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo kabla ya kuamini geji. Maelekezo ni ya Kichina tu. Tena usizidishe namba ya mfuniko wako. Rejeta za umri huu zina vichwa vya plastiki, na plastiki ikishageuka kahawia inapasuka kwenye mshono. Mafundi rejeta wetu wanaochomelea shaba hawawezi kuiokoa.

Mfumo tuliusafisha mpaka tope la ile dawa likaisha, tukajaza kulanti iliyokwishachanganywa, hita ikiwa kwenye moto na pua ya gari imeinuliwa ili hewa itoke. Maji ya kisima siweki tena. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na chumvi inakula alumini.

Huu ni mwezi wa nne. Kulanti iko kwenye mstari ule ule, na Ubungo mshale hausogei. Raba mbovu nilibadilisha kwa elfu mbili pale pale Gerezani.