Sonari ya kutafutia samaki, kilohezi 50 na 200: uzoefu wangu bahari ya Tanga

Naitumia kwenye boti ya faiba yenye mashine ya nje, kuanzia diko la Deep Sea mpaka nje ya Kigombe, kaskazi na kusi. Kwa kusoma kina na mwamba naipa alama zote. Kwa kuonyesha samaki, nusu tu.

Ufungaji ndio unaoiua au kuiponya. Kile kipande cha majini, kinachotoa mlio na kupokea mwangwi, kikae tezini, yaani nyuma ya boti, kama sentimita 40 kutoka kwenye pangaboi, na uso wake uchungulie milimita 3 hadi 5 chini ya faiba. Ukikipandisha juu zaidi, povu linapita chini yake na kina kinapotea kwenye kioo mara tu unapokoleza mwendo. Kwenye faiba isiyo na tabaka la hewa unaweza kukigandisha ndani kwa epoksi. Kwenye dau la mbao usijaribu: mbao zinameza sauti, kifunge nje.

Umeme wake ni volti 12 na fyuzi ya ampea 3, waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ukiufunga pamoja na nyaya za mashine, kioo kinajaa nukta kama manyunyu.

Kilohezi 200, yaani mitetemo 200,000 ya mlio kwa sekunde, ni za maji mafupi. Mlio wake unashuka ukitanuka kama pia, pembe ya nyuzi 20, kwa hiyo kwenye mita 30 unamulika duara la mita 10 na ushei. Kilohezi 50 zinafika mbali zaidi lakini picha ni ya jumla jumla. Ndiyo maana meli za kivita zinazowinda nyambizi hushuka hadi kilohezi chache: mlio mzito hauchoki upesi.

Ujanja uko kwenye mteremko, na huku kwetu, kwenye Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, bahari inadidimia ghafla. Mwangwi wa kwanza hutoka sehemu ya mwamba iliyo karibu zaidi, ndiyo kifaa kinaandika kama kina. Samaki aliyelala chini ya hapo anamezwa na rangi ya mwamba. Hapo rudi kwenye 200 na upunguze mwendo.

Zima vile vikatuni vya samaki. Hata povu huchorwa kama samaki. Tafuta upinde. Mwangwi mkali hutoka kwenye kifuko cha hewa, na papa, taa na nguru hawana, kwa hiyo kioo kitupu si bahari tupu.

Kina chenyewe kipime kwa bildi, ile kamba yenye risasi. Kifaa kikihesabu sauti kwa mita 1500 kwa sekunde, kwenye maji yetu yenye joto la nyuzi 29 inakwenda karibu 1540, basi mita 30 zinasomeka 29 na kidogo. Kwa mshipi si neno.

Vigamba vya baharini vikiota usoni mwa kile kipande cha majini, mwangwi unafifia. Sugua kwa sponji na sabuni. Kisu kinakwaruza.