Aliniapia kitenge hakichuji

Nilinunua kitenge yadi 6 kwenye duka moja la Ngamiani, hapa Tanga, siku chache kabla ya Ramadhani. Kilikuwa cha harusi ya mtoto wa dada yangu. Rangi damu ya mzee, maua ya dhahabu. Mwenye duka akakisugua kwa kiganja mbele yangu: "Wax hii dada, wallahi haichuji, hairudi." Nikatoa shilingi 35,000, wala sikuomba kupunguziwa.

Fundi akanishonea gauni, shingoni akalitia lesi nyeupe. Harusini nilipendeza, sikatai. Balaa ni siku ya kulifua. Maji baridi, sabuni ya mche, beseni la peke yake. Hata sijafikicha, maji yashakuwa mekundu kama juisi ya choya! Kulinyanyua, lesi imegeuka ya waridi, tena madoamadoa. Nimeisugua kwa limau na chumvi mpaka vidole vikaniwasha. Wapi.

Hilo ningelimeza. Lililoniuma ni mwenye duka alivyonipokea niliporudi. Gauni hakuligusa, simu hakuitoa sikioni. "Kitambaa kikishakatwa si changu tena. Kwanza umefulia nini, jiki?" Mbele ya wateja! Mtu mzima na baibui langu, nasimamishwa pale kama nimekuja kuomba. Pole tu, neno moja, ilimshinda.

Kijana wake anayekata vitambaa ndiye aliyenifuata hadi barazani. "Nisamehe mama. Siku nyingine kigeuze nyuma." Akanionyesha: wax ya kweli rangi imepenya, mbele na nyuma ni mamoja. Changu kwa nyuma kilikuwa kimepauka, kimepigwa chapa upande mmoja. Yule mama mwenye duka miaka yote anauza vitambaa, hilo halijui? Analijua.

Haki nayo niiseme: lesi zao hazina mfano. Ninayo moja ya mwaka juzi, nimeifua sijui mara ngapi, haijatoka hata uzi. Kwa hiyo anayetaka lesi aende, vitenge aviache hukohuko. Au hata akitaka kitenge, amtafute yule kijana, asisemezane na mwenyewe.

Ila nikikumbuka lile swali la jiki, moyo unakataa. Hizo lesi nazo sinunui tena, mpaka aniombe radhi, na iwe mbele ya watu vilevile.