Baiskeli ya Kwendea Mandari: Tazama Stendi Kwanza

Tangu niandike kuhusu safari ya baiskeli kutoka Tanga mjini hadi magofu ya Tongoni, wengi wanaoniandikia hawaulizi njia. Wanalalamika kwamba baiskeli zao zinaanguka. Dada mmoja kanunua baiskeli ya kuvutia, gia kibao, rangi ya zambarau. Kafika kwenye minazi, kaisimamisha, kageuka kutandika mkeka, akasikia kishindo nyuma yake. Chupa ya chai ikavunjika kioo cha ndani, chai ikachuruzika kwenye kapu, na kachori zote zikalowa chai yenye vigae. Watoto wamekaa wanasubiri kula, chakula kinamwagwa. Mwingine baiskeli ilimwangukia mwanawe mguuni. Wa tatu anasema yeye na mumewe walikula kwa zamu, mmoja akila, mwenzake kashika usukani.

Wote hao dukani waliuliza gia, breki na tairi. Stendi hakuna aliyeiuliza.

Basi leo nasema na anayetaka baiskeli ya kwendea mandari: mwendo wa polepole, kapu la chakula nyuma, kusimama kila penye kivuli. Gia sitazigusa. Kuzunguka Tanga kwetu njia nyingi ni tambarare, na ukikuta mwinuko, kama ule wa kutokea mtoni ukienda mapango ya Amboni, utashuka usukume na hakuna atakayekushangaa. Breki fundi yeyote wa chini ya mwarobaini anazirekebisha. Stendi mbovu ndiyo itakayokuharibia siku.

Fikiria baiskeli ya kwendea kazini. Inaegemezwa ukutani asubuhi, inachukuliwa jioni. Ya mandari inasimama kwa muuza madafu, inasimama chini ya mwembe, inasimama ufukweni, kila mara ikiwa na mzigo, na ukuta hakuna. Ukipita mashamba ya mkonge utakwenda mwendo mrefu hujaona hata mti wa kuegemezea.

Stendi ya upande, ile ya mguu mmoja, inailaza baiskeli kidogo kushoto. Ikiwa tupu haina neno. Funga kapu kwenye keria uone: uzito unapanda juu, usukani unageuka wenyewe, tairi ya mbele inasogea kidogo tu, na mguu unajikunja, maana umetengenezwa ukunjwe kurudi nyuma. Kwenye mchanga ndiyo balaa kabisa, ncha inazama taratibu na wewe umeshakaa unamenya chungwa. Kama tayari unayo ya aina hii, isimamishe pua ikielekea kwenye mwinuko, na chini ya mguu wa stendi weka kipande cha ubao au kifuu kilichofudikizwa. Inasaidia, lakini usinunue mpya ya namna hiyo kwa kutegemea kifuu.

Stendi ya miguu miwili inainua tairi ya nyuma ikae hewani. Baiskeli haina pa kubingirikia. Hiyo ndiyo ya kutafuta, ila nayo zinatofautiana. Nenda dukani na dumu la maji la lita 10, hizo ni kilo 10, kadiri ya kapu la chakula cha familia ndogo. Lifunge kwenye keria. Toa baiskeli nje, isimamishe kwenye udongo, kwa sababu juu ya sakafu ya saruji kila stendi ni nzuri. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, uachie. Geuza kulia, uachie. Kisha sukuma tandiko kwa vidole viwili. Ikiyumba na kurudi, sawa. Ikiyumba na kuendelea, mrudishie mwenyewe. Halafu inama upime nafasi kati ya miguu ya stendi pale inapogusa chini. Chini ya shibiri moja mimi sichukui.

Chaguo langu la kwanza ni Bridgestone ya mtumba kutoka Japani, fremu ya kike, yenye kapu mbele. Nasema wazi kwamba naipendelea, na sitaki kujifanya nimezipima zote kwa mizani moja. Stendi yake ya miguu miwili, kwenye modeli zilizotengenezewa akina mama wa kule wabebao watoto na vitu vya sokoni, ni pana, ina springi nene, na ina kikomeo kinachoshika miguu isijikunje. Unakanyaga kwa unyayo, unavuta keria nyuma kidogo, inapanda yenyewe. Mama aliyevaa dira anaiweza. Zipo pia modeli ambazo ukifunga kufuli la tairi ya nyuma, usukani nao unajifunga, na usukani uliofungwa ndio mwisho wa habari ya kuanguka. Kwa hiyo dai ufunguo. Muuzaji akikwambia ufunguo ulipotea melini, tafuta nyingine.

Nyingi zina vyuma visivyoshika kutu upesi, na kwa sisi tunaoishi na upepo wa chumvi hilo si dogo. Valvu zake ni zile zile zinazopokea pampu za mitaani kwetu. Tairi ndiyo uwe macho. Mara nyingi ni inchi 26 kwa 1 na 3/8, na haiingiliani na ya inchi 26 ya mauntini, zile baiskeli za milimani, hata kama namba 26 ni ileile. Rimu za mauntini ni ndogo. Soma maandishi ubavuni mwa tairi uyaandike kabla ya kwenda kununua spea.

Ukikuta Bridgestone iliyoandikwa Albelt, iache. Hiyo inaendeshwa na mkanda badala ya mnyororo. Ni laini ajabu na haichafui nguo, lakini mkanda ukikatika ukiwa Pongwe, hakuna fundi wa kukupa mwingine. Panasonic, Miyata na Maruishi za umbo hilo hilo ni nzuri pia. Zipime na dumu kama nilivyosema, ukikosa Bridgestone chukua.

La pili ni Phoenix, ile nyeusi ya Kichina tuliyokua tukiiona ikibeba magunia ya mkaa, pamoja na ndugu zake wa Kihindi, Hero na Avon. Tairi za inchi 28, keria nzito, stendi ya chuma iliyoshikwa kwenye ekseli ya nyuma. Hii haianguki. Spea zake utazikuta hata kijijini, kwenye duka linalouza sabuni na mafuta ya taa. Tatizo ni kuipandisha stendi ikiwa na mzigo, kwani yenyewe tu ni nzito, na ukiongeza kapu utahitaji mikono yenye nguvu. Lile bomba la juu nalo si rafiki wa dira. Kwa kaka zangu naisifu bila kusita.

Mauntini, ziwe mpya au za mtumba, naziweka mbali nyuma. Stendi ni ya upande, keria mara nyingi haipo, na inayouzwa pembeni inabanwa kwenye nguzo ya tandiko. Ukiweka kapu inateremka kidogo kidogo mpaka inakwaruza tairi. Mpya za bei rahisi zisizo na jina zina stendi nyembamba ya kukunja kwa mkono. Hizo sina la kuzisemea.

Sasa wauzaji, maana wananiudhi. Baiskeli za mtumba zinashuka zikiwa na stendi zake, kengele, dainamo na kufuli. Baadhi yao wanafungua stendi nzuri, wanaiuza peke yake kwa mafundi, na wewe wanakufungia ya mguu mmoja. Bei haishuki hata shilingi! Nimesimama kwenye duka moja nikaambiwa, “Dada, stendi kitu gani, utaiegemeza kwenye mti.” Mtu anayeuza baiskeli anasema hivyo, na mteja yuko mbele yake na pesa mkononi.

Kuna na hili baya zaidi. Wanauza baiskeli za umeme zilizokufa betri kama baiskeli za kawaida. Ukiona Assista, Yamaha PAS au nyingine yenye boksi kubwa kwenye pedeli au pengo la betri nyuma ya bomba la tandiko, jua unabebeshwa mota isiyofanya kazi. Stendi zake, lazima niseme, ni imara sana. Ila utasukuma chuma kile kutoka Tongoni hadi mjini, kilomita 17 hivi, na jua la saa nane, na aliyekuuzia anakunywa kahawa barazani.

Usikubali kuambiwa “ilikuja hivihivi.” Chuchumaa uangalie ekseli ya nyuma, pande zote mbili. Stendi ya miguu miwili ikikaa miaka mingi inaacha alama: duara safi linalong'aa katikati ya vumbi na kutu, na mara nyingine nati mpya kwenye ekseli kuukuu. Ukiiona, mwonyeshe kwa kidole, na usitoe pesa mpaka stendi iliyokuwa pale irudi au bei ipungue kwa thamani yake.