King'ora cha kaboni monoksaidi: miezi minane kikiwa ukutani kwangu

Kifaa chenyewe ni kidogo, cheupe, kinaenea kiganjani. Kina kitufe kimoja, taa ya kijani na kioo cha namba kinachoonyesha kiasi cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, kilichomo hewani. Miezi miwili ya kwanza kioo kilisoma 0 asubuhi, mchana na usiku, hadi mke wangu akaniuliza kama kweli kinafanya kazi.

Kisha ukaja usiku wa mvua, umeme umekatika. Shemeji yangu, kwa wema kabisa, aliisogeza jenereta barazani isilowe, chini ya dirisha la sebule. Tukalala. Kilichoniamsha ni milio minne ya haraka, kimya kidogo, halafu minne tena. Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikajikokota hadi koridoni, kioo kinasoma 118.

"Shemeji, zima jenereta! Toeni watoto nje!"

Binti yetu mdogo tulimtikisa mara tatu ndipo akafumbua macho, na hakuweza kusimama. Nilimbeba. Usiku uleule akawekewa oksijeni hospitalini, na asubuhi akawa anadai kurudi nyumbani. Ndani ya nyumba hapakuwa na moshi wala harufu ya kumshtua mtu. Bila ile milio ningegeuka upande wa pili nikaendelea kulala, na hilo nalifikiria mpaka leo.

Gesi hii haionekani, hainuki, na ikiingia kwenye damu huishika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inatoka kwenye jenereta, jiko la mkaa, hita ya gesi yenye hitilafu, hata gari lililoachwa likiunguruma gerejini. King'ora cha kawaida cha moshi hakiitambui kabisa. Wengi tunadhani kinatosha.

Sasa kasoro. Mwongozo umeandikwa kwa herufi ndogo mno, na jambo kubwa limefichwa katikati. Kifaa changu kinafuata kiwango cha Ulaya, EN 50291: gesi ikifika sehemu 50 katika milioni, kinalia baada ya dakika 60 hadi 90, ikifika 100, dakika 10 hadi 40, ikifika 300, ndani ya dakika 3. Kwa hiyo ukiona 60 na kimya, hakijaharibika, bado kinahesabu. Wewe usihesabu nacho. Zima kinachowaka, fungua madirisha, toka.

Halafu kile kitufe cha majaribio. Kinapima betri, saketi na sauti tu. Hakikuambii kama sensa, yaani kihisi kilichomo ndani, bado inaitambua gesi. Sensa huchoka. Changu ni cha miaka 7, na tarehe ya kukibadilisha wameichapa mgongoni, ambako huioni mpaka ukibandue ukutani. Nimeiandika upya mbele kwa kalamu ya wino mzito. Mlio mmoja mfupi kila baada ya dakika moja au hivi ni betri inayokwisha, usiuchanganye na ile minne.

Sauti inatosha koridoni na vyumba vilivyo karibu. Mama yangu analala chumba cha mwisho, mlango kaufunga, na usiku ule hakusikia kitu, nilimwamsha mimi. Nimenunua cha pili, nitakifunga chumbani kwake Jumamosi hii.