Mota ya habu au mota ya katikati: uzoefu wangu wa baiskeli ya umeme mjini Iringa

Anayeishi Ipogolo na kufanya shughuli zake mjini Iringa hawezi kukwepa swali la aina ya mota, kwa kuwa barabara huanzia bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo, kisha hukwea hadi mjini. Katika mlima huo nimetumia mota mbili tofauti kwenye fremu ile ile, kwa betri ile ile ya volti 36 na ampea-saa 13, nikibeba mzigo ule ule wa trei za mayai kwenye keria. Mota zote mbili ziliandikwa wati 350. Kwa hiyo tofauti ninayoieleza hapa haikutokana na wingi wa wati, ingawa wati ndizo ambazo wauzaji wengi huzitaja kwanza, na mara nyingi huishia hapo.

Mota ya kwanza ilikuwa ya habu, yaani iliyojengwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikiwa na giya ndogo ndani yake za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Kwenye tambarare sina la kuilaumu. Huondoka kwa ulaini, haipigi kelele ya kukera, na betri inapoisha unaweza kupiga pedali ukafika nyumbani bila kuhisi kwamba kuna kitu kinakuvuta nyuma. Ubora wake mkubwa zaidi ni kwamba haipitishi nguvu zake kwenye mnyororo, hivyo mnyororo na sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, huchakaa kama za baiskeli ya kawaida. Wengi huonya kwamba gurudumu lenye mota ni usumbufu likipata pancha, kwa sababu ya nyaya na nati kubwa za ekseli. Kwa mafundi wetu onyo hilo halina uzito mkubwa: fundi huibandua tairi upande mmoja, huvuta tyubu nje, huziba tundu na kuirudisha, gurudumu likiwa bado mahali pake.

Shida ilikuwa mlimani. Mota ya habu ina uwiano mmoja tu kati yake na gurudumu, hivyo hata ukibadilisha giya za baiskeli, unaisaidia miguu yako peke yake. Chukua mfano wa mtu, baiskeli na mzigo vyenye jumla ya kilo 110, vikipanda mlima wa asilimia 8, yaani unaoinuka mita 8 katika kila mita 100 za mbele, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Kuushinda mwinuko peke yake kunahitaji karibu wati 290 kwenye gurudumu, bila kuhesabu upepo wala msuguano wa matairi. Mota iliyosukwa kwa ajili ya kilomita 25 au 30 kwa saa ikilazimishwa kujikokota kwa kilomita 10, zaidi ya nusu ya umeme inaoupokea inaweza kuishia kuwa joto. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: nikifika juu, habu ilikuwa haigusiki kwa mkono, na baada ya miezi kadhaa ikaanza kukoroma. Fundi alipoifungua tulikuta meno ya giya za nailoni yameliwa. Vipuri vilipatikana na mota ikapona, lakini chanzo kilikuwa mlima wenyewe, na mlima haubadilishwi.

Hapo ndipo nilipofunga mota ya katikati, inayokaa kwenye ekseli ya pedali na kuvuta kupitia mnyororo. Kwa kuwa nguvu yake hupita kwenye giya za baiskeli, ukiweka giya nyepesi mota nayo hupata wepesi, ikaendelea kuzunguka kwa kasi inayoifaa hata baiskeli ikienda polepole. Huu ndio ufafanuzi wa jambo linalowashangaza wengi, kwamba huko Ulaya, ambako sheria huweka kikomo cha wati 250 za kazi ya mfululizo, mota za katikati kama Bosch Performance Line CX hupandisha watu milima ya Alpi. Kwangu mimi mabadiliko yalionekana tangu siku za mwanzo: ninapanda nikiwa nimeketi, mota inabaki vuguvugu tu, na ninafika mjini betri ikiwa na chaji nyingi kuliko zamani.

Gharama yake, hata hivyo, ni ya kweli na hulipwa kwa mnyororo. Mnyororo wa bei nafuu hurefuka upesi, kisha huanza kuzila sproketi, na ukikatika njiani hupati msaada wowote wa mota, ilhali mwenye habu angeendelea na safari. Ninatembea na kiungo cha akiba na kifaa cha kukatia mnyororo. Jambo jingine ni kubadilisha giya wakati mota inavuta, ambako hutoa mshindo unaoumiza meno ya sproketi. Dawa yake ni kugusa breki kidogo kabla ya kubadilisha, kwa kuwa swichi iliyo kwenye mkono wa breki hukata umeme wa mota papo hapo.

Ipo pia habu isiyo na giya ndani, ambayo rafiki yangu aliniazima. Ni nzito, na bila umeme sumaku zake hukufanya uhisi kama unapanda hata kwenye tambarare, ila haina cha kusagika zaidi ya beringi, na katika kuteremka huweza kurudisha umeme kidogo kwenye betri na kuzipunguzia breki kazi. Mlimani huchemka kama habu nyingine.

Ningekuwa ninaishi Tanga au Dar es Salaam ningenunua habu yenye giya bila kusita, na kwa gurudumu la nyuma, kwa sababu ya mbele huteleza kwenye changarawe uzito unaporudi nyuma. Kwa Iringa, Mbeya, Lushoto au Mwanza ya mawe, na hasa kwa mwenye mzigo, chaguo langu ni mota ya katikati. Kabla ya kulipa, pima bomba la ekseli ya pedali, kwani seti nyingi hutengenezwa kwa upana wa milimita 68 hadi 73. Kisha angalia sproketi kubwa ya nyuma. Kwa gurudumu la inchi 26 na sproketi ya mbele yenye meno 44, mwendo wa kilomita 12 kwa saa kwenye meno 28 huzungusha pedali kama mara 60 kwa dakika, kasi ambayo mota huifanyia kazi kwa taabu; kwenye meno 34 hufika karibu 75, na hapo mota hupanda vizuri.