Chombo cha kunyweshea chozi: kagua mdomo wake kabla ya rangi

Chombo changu cha kwanza cha kumnyweshea chozi, yule ndege mdogo anayenyonya nekta (maji matamu ya maua), nilikipendea rangi. Chupa ya kioo, maua mekundu kwenye kitako, na picha ya chozi kwenye boksi. Wiki ya tatu nikakimulika kwa tochi: ukungu mweusi umejibana mabegani mwa chupa, brashi haiufikii, kidole hakipiti. Ndege walikuwa wameshaacha kuja, nami nikidhani ni msimu.

Kwa hiyo habari za ujazo na urembo nawaachia wengine. Langu ni moja: je, kinafunguka chote? Maji ya sukari (kipimo 1 cha sukari nyeupe kwa 4 vya maji) huharibika haraka kukiwa na joto, siku mbili tu umwage, usugue, ujaze upya. Chombo kisichoingia mkono utakisugua mara mbili, ya tatu utakisuuza tu, na ukungu haungoji ya nne.

Namba moja, na mapenzi yangu siyafichi: HummZinger ya kampuni ya Aspects. Kimeundwa kwa ajili ya ndege wavumaji wa Amerika, lakini chozi, anayependa kunywa akiwa ametua, hupata ukingo wa kushika. Ni kisahani chenye kifuniko; unabandua, unaosha kama sahani, umemaliza. Chupa iliyopinduliwa ikipigwa na jua, hewa ya ndani hutanuka na kusukuma maji nje, sisimizi wakapata karamu. Kisahani hakina shida hiyo. Tena ni kifupi, hakimfichi ndege mbele ya kamera. Mimi huchomeka kijiti kikavu kando yake, nalenga fokasi hapo mapema, kasi ya shata ya kamera 1/1000 ya sekunde, nangoja atue kabla ya kwenda kunywa. Plastiki haionekani pichani.

Namba mbili: chupa ya mdomo mpana, itundikwe kivulini. Vile vineli, yaani vyombo vya mrija mwembamba, vya bei ya kutupa havioshiki, tusonge.

Sasa wauzaji. "Rahisi kusafisha" imeandikwa hata kwenye boksi la chupa yangu ile! Uliza kama mpira wa kuzuia maji yasivuje ukichakaa utauziwa peke yake, uambiwe nunua chombo kipya. Kisha utabebeshwa pakiti ya "nekta maalumu", yaani sukari iliyotiwa rangi nyekundu ambayo ndege haihitaji kabisa, kwa bei inayoiacha mbali sukari ya jikoni. Nilinunua mbili. Moja iko kabatini mpaka leo, kuitupa nashindwa kwa uchungu wa hela yangu.